Hiyo Wi-Fi Yako Bado Inahitaji Waya

Wasee wa Ruiru na Thika, tuambiane ukweli. Unanunua seti ya meshi, unaweka nodi moja sebuleni na nyingine kule chumbani, halafu zile porti za Etheneti za nyuma zinakaa tu zikishika vumbi. Si tulihama mambo ya nyaya? Hapo ndipo historia inatucheka.

Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kiliwasha ALOHAnet, mtandao uliounganisha kompyuta za visiwani kwa redio. Mbili zikituma kwa pamoja, ujumbe unagongana, kila moja inangoja kidogo na kujaribu tena. Tarehe 22 Mei 1973, Bob Metcalfe wa Xerox, California, aliandika memo akichukua wazo hilo na kulipitisha ndani ya kebo. Hata jina Etheneti limetokana na etha, kitu ambacho wanasayansi wa zamani waliamini kimejaa angani na kubeba mwanga. Yaani, waya ulijifunza kwa redio, halafu ukaipita.

Kwetu pia ilikuwa hivyo. Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti: bei kali, mwendo wa kobe. Mwaka huo kebo za TEAMS na SEACOM zikatua Mombasa kupitia baharini, na mambo yakabadilika.

Sasa rudi kwa keja. Nyumba zetu nyingi ni za mawe ya Ndarugu, na kila ukuta unakula mawimbi. Nodi isiyo na waya ikitumia redio moja kupokea na kutuma, kasi inaweza kushuka karibu nusu. Ukivuta Cat5e kati ya nodi mbili, mzigo unapita kwa waya na redio inabaki ya simu zenu. Kebo hiyo inabeba gigabiti moja hadi mita 100. Ila soma boksi kwanza: seti zingine za bei ya chini zina porti za megabiti 100 tu.

Najua, landlodi hataki ukuta utobolewe. Sawa, pitisha kebo bapa kando ya ukuta, chini ya mlango. Lakini nyinyi mnaojenga fleti kila kona ya Ruiru, wekeni paipu tupu ukutani kabla ya plasta. Mnaweka za stima na za maji. Ya intaneti inawashinda nini?