UZI: "Tuna makaa ya mawe Kitui, mbona tununue mbolea ng'ambo?" Historia ya ahadi moja

1/ Bei ya mbolea ikipanda, lazima mtu asimame juu ya gari pale Karatina, Othaya au Chuka aseme: "Tuna makaa ya mawe Kitui! Tuyageuze gesi, tuyageuze mbolea, tuache kuomba ng'ambo." Watu wanapiga makofi. Na si wazo la kijinga, kwa hivyo tusilicheke. Wacha tuliangalie kwa historia, bila kutaja chama wala mtu.

2/ Kwanza, hii mambo inatuhusu vipi sisi wa Mlima? Mkulima wa kahawa Tetu au Mathira anaijua CAN. Wa majani chai Othaya anaijua NPK 26:5:5, ile KTDA huagiza kwa meli kupitia Mombasa halafu gharama yake inakatwa kwenye malipo ya majani. Dola ikipanda, bonasi inahisi.

3/ Mwaka 2022, Urusi ilipovamia Ukraine, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani. Ruzuku ya serikali ikaushusha hadi 3,500, kisha 2,500 mwaka 2023. Lakini ruzuku ni kodi. Ile tofauti hatukusamehewa na mtu, tuliilipa tu kupitia mlango mwingine. Kwa hivyo hamu ya kutengeneza mbolea yetu wenyewe ina sababu.

4/ Pili, je, makaa yanaweza kweli kuwa mbolea? Ndio. Ukiyachoma na oksijeni kidogo pamoja na mvuke wa maji, hayawaki kabisa. Yanatoa gesi mbili, haidrojeni na monoksidi ya kaboni. Hiyo haidrojeni ukiiunganisha na naitrojeni ya hewani unapata amonia, na amonia ndiyo mama wa urea na CAN. Zile gesi mbili ukizipitisha njia nyingine unapata dizeli, methanoli, hata malighafi ya plastiki.

5/ Na si teknolojia mpya. Kiwanda cha kwanza kikubwa cha amonia, pale Oppau, Ujerumani, kilianza 1913, na haidrojeni yake ilitokana na makaa. Miaka ya 1920 Wajerumani wawili, Fischer na Tropsch, wakapata njia ya kugeuza gesi ya makaa kuwa mafuta. Kwa hivyo mtu akikuambia "haiwezekani", si kweli. Inawezekana tangu babu zetu hawajapandiwa kahawa na mtu. Swali ni nani aliyefanya, kwa nini, na nani alilipa.

6/ Mfano unaotajwa sana kwenye mijadala ni Sasol ya Afrika Kusini. Serikali iliianzisha 1950, na mafuta ya kwanza yakatoka Sasolburg 1955. Baada ya bei ya mafuta kulipuka 1973, na Iran kuacha kuwauzia mafuta baada ya mapinduzi ya 1979, utawala wa ubaguzi wa rangi ukamwaga pesa kujenga mitambo mikubwa zaidi kule Secunda. Inafanya kazi hadi leo.

7/ Lakini angalia hali yenyewe. Ilikuwa serikali iliyotengwa na dunia, yenye migodi ya makaa iliyokuwa tayari inafanya kazi, na ambayo ilikuwa tayari kulipa bei yoyote ili isikose mafuta. Ujerumani ilipojaza ndege zake mafuta ya makaa, ilikuwa vitani. Yaani hawakufanya kwa sababu ilikuwa rahisi. Walifanya kwa sababu hawakuwa na mlango mwingine.

8/ Na hii sehemu watu huiruka: mwaka 2004 kiwanda kile cha kwanza cha Sasolburg kiliacha makaa kikahamia gesi asilia ya bomba kutoka Msumbiji. Wenye makaa, wenye wataalamu, wenye uzoefu wa karibu miaka 50, walipopata gesi ya bomba waliichagua.

9/ China je? Ndio, sehemu kubwa ya amonia yake inatokana na makaa hata sasa. Ina makaa mengi, gesi asilia haiwatoshi, na soko la ndani ni kubwa ajabu. Huo ni ushahidi wa haki kwa upande wa wanaounga mkono. Ila mtu akisema "China walifanya", muulize tunafanana nao kwa lipi kati ya hayo matatu.

10/ Sasa tuje kwa kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha uzi huu: DHAMANA YA SERIKALI. Maana yake serikali inamwambia mkopeshaji, "huyu akishindwa kulipa, nitalipa mimi." Na serikali ikisema "mimi", inamaanisha wewe.

11/ Marekani walijenga kiwanda cha kugeuza makaa kuwa gesi jimboni North Dakota, kinaitwa Great Plains. Kilianza kazi 1984. Bei ya gesi ikashuka, wenye kampuni wakashindwa kulipa 1985, na mkopo wa karibu dola bilioni 1.5 ukaangukia serikali iliyokuwa imeudhamini. Mwaka 1988 kikauzwa kwa ushirika wa umeme kwa dola milioni 85 pamoja na mgao wa faida ya baadaye.

12/ Na jambo la kuvutia ni kwamba kiwanda hicho hakikufa. Kilikuja kutengeneza mbolea, na hewa ya kaboni yake husafirishwa kwa bomba hadi Kanada. Mashine zilikuwa nzuri. Lakini ziliweza kuendelea kwa sababu walipa kodi walishabeba hasara ya kuzijenga. Hiyo ni Marekani, yenye mfuko mrefu.

13/ Karibu na kwetu kuna Zambia. Miaka ya 1960 serikali yake ilianzisha Nitrogen Chemicals of Zambia pale Kafue, na amonia ikatengenezwa kwa makaa ya mawe kutoka Maamba. Huo ndio wimbo tunaoimbiwa sisi: makaa yetu, kiwanda chetu, mbolea yetu. Baadaye mitambo ya makaa ikachakaa, pesa ya kuifufua ikakosekana, na kiwanda kikategemea malighafi ya kununua nje. Kujenga ni siku moja ya kukata utepe. Vipuri ni kila mwaka.

14/ Na Kenya? Wengi wa rika langu hawajui kwamba tulishaahidiwa kiwanda cha mbolea. Kiliitwa Ken-Ren. Miaka ya 1970 serikali iliingia ubia na kampuni ya kigeni, N-Ren, kujenga kiwanda Mombasa. Mitambo ikaagizwa Ubelgiji na Austria kwa mikopo. Serikali ya Kenya ikaweka dhamana.

15/ Kufikia 1978 kampuni ilikuwa imeanguka. Kiwanda hakikutoa hata mfuko mmoja. Mzozo na wauzaji wa mitambo ukaendelea hadi 1994 kesi ikafika House of Lords kule London. Na deni? Deni halikufa na kampuni. Miaka ya 2000 wabunge bado walikuwa wanauliza mbona tunalipia kiwanda ambacho hakipo.

16/ Weka North Dakota na Mombasa pamoja. Pote serikali ilidhamini, pote wawekezaji walishindwa, pote mwananchi alilipa. Tofauti ni kwamba kule kulibaki kiwanda. Huku kulibaki barua za madeni. Ken-Ren haikuwa ya makaa ya mawe, lakini ndiyo kipimo chetu cha kweli, kwa sababu ni mkataba wetu, na dhamana ilikuwa yetu.

17/ Sasa Kitui kwenyewe. Wizara ya Nishati ilianza kutafuta makaa bonde la Mui mwishoni mwa miaka ya 1990. Yakapatikana. Bonde likagawanywa vitalu vinne, A hadi D, na tarakimu iliyotangazwa kwa Kitalu C peke yake ni tani milioni 400. Vitalu C na D vikapewa kampuni ya Kichina, Fenxi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, hakuna mgodi mkubwa uliofunguliwa.

18/ Kwa nini? Watu wanaishi juu ya hayo makaa. Wana mashamba, makaburi, shule. Walienda Mahakama Kuu, na hukumu ikatoka 2015. Hawakufaulu kuusimamisha mradi, lakini hukumu ile ilieleza kwa kirefu maana ya kushirikisha umma, na bado inanukuliwa kwenye kesi nyingine. Sisi tunaopiga makofi Karatina si sisi tutakaohamishwa. Hebu fikiria ni Mukurweini ndiyo inaambiwa ihame ili Kitui ipate mbolea. Tungepiga makofi?

19/ Mwenzake ni mradi wa Lamu, megawati 1,050 za umeme wa makaa, ambao ungeanza na makaa ya kuagiza Afrika Kusini. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni yake, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Kwa hivyo anayekuahidi kiwanda cha makaa "ndani ya miaka miwili" ama hajui historia hii au anajua hujui.

20/ Halafu kuna MAJI, na hapa Nyeri inaingia moja kwa moja. Kiwanda cha aina hii kinakunywa tani kadhaa za maji kwa kila tani ya bidhaa: mvuke, kupoza mitambo, kusafisha gesi. Kitui ni kukavu. Maji ya kutegemewa upande ule ni ya Tana, na Tana ni Thagana, Chania na Gura zikishuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua.

21/ Maji hayo tayari yana kazi. Yanazungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na yanapelekwa kwa mabomba miji ya Kitui na Mwingi. Ukiweka kiwanda cha makaa kwenye foleni hiyo, mwaka wa kiangazi nani atafungiwa? Kila mtu anakumbuka kelele za Murang'a kuhusu maji yanayoenda Nairobi. Hiyo ni siasa ya miaka mingi, si kifungu kidogo mwishoni mwa mkataba.

22/ Na kaboni. Secunda hutajwa mara nyingi kama sehemu moja inayotoa hewa chafu ya ukaa kuliko nyingine yoyote duniani. Hata kama hujali habari za tabianchi, wakopeshaji wanajali. Benki nyingi kubwa zimejitoa kwenye makaa, na zinazobaki zinataka ulinzi zaidi. Ulinzi gani? Dhamana ya serikali. Tumerudi pale pale.

23/ Tuwe wa haki: upande wa pili una hoja. Makaa yetu yasingepanda bei kwa sababu ya vita ya Ulaya. Kazi zingekuja. Na urea inahitaji hewa ya kaboni ili itengenezwe, kitu ambacho makaa hutoa tele. Hizo ni hoja za kweli.

24/ Lakini CAN, ambayo mkulima wa kahawa anaijua vizuri, haihitaji hiyo hewa. Inahitaji amonia, asidi ya naitriki inayotokana na amonia hiyo hiyo, na unga wa chokaa. Na haidrojeni ya amonia unaweza kuipata kwa kupasua maji kwa umeme. Usiku mahitaji ya umeme yakishuka, mvuke mwingine wa Olkaria huachiliwa bure. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, hapa Nyeri, kinafundisha wataalamu wa jotoardhi.

25/ Msidhani basi nauza ndoto nyingine. Tangu 2021 kampuni kubwa za kigeni zimetangaza viwanda vya amonia ya aina hiyo upande wa Naivasha, na mwaka 2023 serikali ikatoa mkakati wa haidrojeni. Matangazo yamekuwa mengi kuliko viwanda. Umeme wenyewe lazima uwe wa bei nafuu, la sivyo mbolea itatoka ghali kuliko ya meli. Maswali ni yale yale, iwe makaa au mvuke.

26/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote akija na ahadi hii, wa upande wako au wa upande ule, muulize haya manne:
– Nani anadhamini mkopo, na mkataba wa dhamana utawekwa hadharani kabla ya kutiwa sahihi?
– Mfuko wa kilo 50 utatoka kiwandani kwa bei gani bila ruzuku?
– Maji yatatoka mto gani, na nani anapunguziwa?
– Wenye ardhi wameulizwa lini, na wamejibu nini?

27/ Akijibu yote manne kwa tarakimu, msikilize kwa makini, huenda ana kitu. Akijibu la kwanza kwa kusema "hayo ni mambo ya wataalamu", mkumbushe jina moja: Ken-Ren.

Mwenye kumbukumbu ya wazazi au wakulima wa enzi hizo kuhusu ile ahadi ya Mombasa, weka hapo chini tusome. Na ukipinga hoja yoyote hapa, ipinge kwa namba yake ili tujibizane vizuri.