Isangi: Toka mtumbwi mpaka pikapu, maji ya mvua yanataka njia

Isangi iko pale mto Lomami unaingia katika mto Kongo, kama kilomita 125 chini ya Kisangani. Mvua inanyesha karibu kila mwezi, na wakaaji wamepitisha mizigo huko tangu enzi za mababu. Swali ni lile lile: maji yakiingia chomboni, yatatokea wapi?

Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mto, walikuwa na jibu lao tangu zamani. Mtumbwi wa gogo hautobolewi tundu. Basi walifunika mzigo kwa kibanda cha majani, wakalaza fito chini ili vitu visiguse maji, na mtu mmoja akateka na kumwaga. Mwaka 1877 Stanley alishuka mto huu, na katika miaka ya 1880 meli za mvuke zikafuata. Baadaye kabisa, meli za ONATRA zilipopungua, baleinière za mbao zilishika kazi. Namna ya kulinda mzigo haikubadilika: turubai juu, mbao chini, na maji kutekwa.

Gari ni chombo kingine. Sakafu ya pikapu inaweza kuwa na matundu, lakini madereva wengi wanaitumia kama mtumbwi: wanafunika juu, chini wanasahau.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni litri moja. Sanduku la nyuma lenye mita 1.5 kwa 1.5, likipigwa na mvua ya milimita 50, linapokea litri 112, yaani zaidi ya kilo 100. Maji yasipotoka, mpunga unaota, unga wa muhogo unaoza, na chuma kinashika kutu.

Jambo hili linagusa sana familia zilizokimbia. Mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola katika komini ya Lubunga, Kisangani, yalifukuza maelfu ya watu kwao. Mwenye kukimbia anabeba godoro, nguo, sufuria na karatasi za watoto za shule. Vikilowa njiani, hana vingine nyumbani vya kubadilisha.

Dawa ni ile ya wazee, pamoja na kile gari inaongeza. Kwanza, kabla ya kupakia, angalia matundu kwenye kona za sanduku na karibu na mlango wa nyuma. Matope na majani yanayaziba, yatoe kwa kijiti. Pili, laza mbao chini ya mzigo, zielekee mbele na nyuma, ili maji yapite kati yake. Tatu, turubai isilale bapa: weka mti katikati kama mgongo wa nyumba, maji yateremke pande zote mbili. Turubai inayobonyea inageuka beseni, na mwisho inapasuka. Nne, ukisimamisha gari usiku, pua yake ielekee kilimani na nyuma iteremke, maji yafuate mlango. Karatasi na nguo ziingie katika mfuko wa plastiki uliofungwa, zikae juu ya mzigo, chini ya turubai.

Mtumbwi ulihitaji mtu wa kuteka maji safari nzima. Pikapu inahitaji kijiti na dakika chache kabla ya kuondoka.