Sheria Iliyoandikiwa Mtu Mwenye Bosi

Wasee, watu wanabishana kuhusu SHA ni kama hii stori ilianza 2024. Zii. Turudi nyuma hadi 1966.

Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda NHIF. Waliolazimishwa kuchangia ni waajiriwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwenda juu. Mbona hao? Kuwapata ilikuwa rahisi: bosi anakata doh kabla haijakufikia. Mama mboga, fundi na mkulima sheria haikuwaona kabisa. Mlango wa kujiunga kwa hiari ulifunguliwa 1972.

Ruka hadi 2015. Viwango vipya vilipanda kulingana na mshahara, halafu vikasimama kwa 1,700. Mwenye laki moja na mwenye laki tano walikatwa sawasawa. Sisi tusio na bosi tukawekewa 500 kwa mwezi, uwe umeuza au hujauza.

Sheria ya 2023, iliyoanza kukata pesa Oktoba 2024, iliondoa hicho kikomo. Sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Wa laki tano analipa 13,750. Wa elfu ishirini analipa 550, na zamani alikuwa analipa 750. Hapo, tuseme ukweli, kuna haki iliyotendeka.

Lakini kwa msee wa mjengo, wa boda, au kama mimi ninayelipwa kazi ikipatikana, mambo ni mengine. Mfumo unakuuliza maswali kuhusu nyumba na maisha yako, unakadiria kipato chako, kisha unadai mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Hata ukiwekewa kile kiwango cha chini kabisa, 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600 mara moja. Mwenye bosi analipa kidogo kidogo, asiye naye analipa yote. Serikali yenyewe iliona shida, ikaleta Lipa SHA Pole Pole. Huo ni mkopo. Yaani ukope ndio uwe na bima!

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya. Hakijasema kila mwajiriwa. Maoni yangu ni haya: kama pesa yangu huja kwa siku au kwa wiki, sheria iniruhusu kulipa hivyo hivyo, bila deni. Karibu miaka 60 ya kumtafuta bosi wangu inatosha.

Na wewe, huwa unalipaje?