Carl Spitzweg: Mfamasia aliyeacha dawa akachora maisha ya wanyonge

MNAMO 1839, wapenzi wa sanaa jijini Munich, kusini mwa Ujerumani, walionyeshwa picha ndogo ambayo upana wake haukufika hata sentimita 45. Wengi wao hawakupendezwa nayo.

Picha hiyo, Mshairi Maskini, ilimwonyesha mtunzi fukara akiwa amejilaza darini, kofia ya kulalia kichwani na kalamu mdomoni. Juu yake palining'inia mwavuli wa kuzuia maji yanayopenya paa bovu. Mbele ya jiko la kuotea moto paliwekwa furushi la karatasi alizoandika mwenyewe, zikisubiri kugeuzwa kuni.

Vidole vya mshairi huyo vimebanwa pamoja. Baadhi ya watazamaji husema anahesabu mizani ya ubeti wake. Wengine husema amekamata kiroboto.

Enzi hizo, ushairi ulihesabiwa kuwa kipaji kitukufu, na wakosoaji waliona kwamba mchoraji alikuwa akiukejeli. Leo, picha hiyo iliyobezwa ni miongoni mwa zile zinazopendwa zaidi na Wajerumani.

Aliyeichora, Carl Spitzweg, alizaliwa Februari 5, 1808, katika kijiji cha Unterpfaffenhofen, karibu na Munich. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, na ndiye aliyewapangia wanawe kazi za kufanya. Carl alitakiwa awe mfamasia.

Kijana huyo alitii. Alifunzwa kazi katika duka la dawa, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Munich na kuhitimu mwaka 1832 kwa alama za juu. Hata hivyo, mwaka uliofuata aliugua, na alipokuwa akipata nafuu aliamua kuacha dawa na kushika brashi.

Uamuzi huo uliwezekana kwa kuwa baba yake alikuwa ameaga dunia mwaka 1828 na kumwachia urithi. Hivyo basi, mtu aliyeuchora umaskini kwa ustadi mkubwa hakuwahi kulala njaa kwa ajili ya sanaa.

Spitzweg hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alijifunza kwa kunakili kazi za wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, waliosifika kwa kuonyesha maisha ya kila siku. Ujuzi wake wa kemikali ulimfaa alipotayarisha rangi, na mara nyingi alichora juu ya vifuniko vya masanduku ya sigara.

Ili kuelewa kazi zake, sharti mtu azingatie mazingira yaliyozizaa. Baada ya vita vya Napoleon kukoma mwaka 1815, watawala wa Ujerumani walibana uhuru wa kusema. Kuanzia 1819, magazeti na vitabu vilikaguliwa kabla ya kuchapishwa. Raia wengi walijiepusha na siasa, wakajifungia katika utulivu wa nyumba zao.

Hao ndio watu wa Spitzweg: msomi aliyepanda ngazi ya maktaba na kuzama vitabuni hata akasahau dunia, mzee anayepalilia mimea yake ya miiba, mlinzi wa ngome anayepiga miayo kwa kukosa adui. Wanachekesha, lakini mchoraji hawadharau. Kicheko chake kina huruma, na wakati mwingine kinawachoma wakubwa waliowafanya watu wawe hivyo.

Kuanzia miaka ya 1840, alichangia michoro ya vichekesho katika jarida la Fliegende Blätter la Munich. Mwaka 1851 alizuru Paris na London. Mbinu za wachoraji wa Ufaransa waliopenda kuchora mandhari nje, penye mwanga wa jua, zilimwathiri, na rangi zake zikachangamka.

Hatimaye heshima ilimfikia. Chuo cha Sanaa cha Munich, ambacho hakuwahi kusomea, kilimteua kuwa mwanachama wa heshima. Hakuoa. Alifariki Munich Septemba 23, 1885, akiwa na umri wa miaka 77, na kuacha zaidi ya picha na michoro 1,500.

Picha zake zimekumbwa na misukosuko ambayo wahusika wake wapole wasingeiota. Mwaka 1976, msanii aliyejulikana kama Ulay aliiba nakala ya Mshairi Maskini iliyokuwa Berlin na kuitundika nyumbani kwa familia ya wahamiaji kutoka Uturuki, ili kuwalazimisha Wajerumani kuitazama hali ya wageni hao. Ilirudishwa, lakini Septemba 1989 ikaibwa tena kutoka kasri la Charlottenburg, na haijapatikana.

Adolf Hitler naye alizipenda kazi za Spitzweg, na chini ya utawala wake Wayahudi waliozimiliki walipokonywa au kulazimika kuziuza. Mmoja wao, Leo Bendel, aliuza picha ya sanamu ya Haki mwaka 1937 na akafia katika kambi ya mateso ya Buchenwald mwaka 1940. Baada ya vita, picha hiyo iliyobeba jina la Haki ilitundikwa kwa miaka mingi katika makao ya Rais wa Ujerumani mjini Bonn. Ilirejeshwa kwa warithi wa Bendel, ikauzwa mnadani mwaka 2020.

Januari 2021, mchoro wake mwingine ulirejeshwa kwa warithi wa Henri Hinrichsen, mchapishaji wa muziki wa mjini Leipzig aliyeuawa Auschwitz mwaka 1942.

Mshairi Maskini wa mwaka 1839 angali salama. Mpwa wa Spitzweg aliitoa picha hiyo kwa makavazi ya Neue Pinakothek ya Munich mwaka 1887, na hadi leo ni mali ya umma katika mji uleule ulioikataa.