Mshahara wa Mwezi na Posho ya Siku: Ujira wa Askari Mpya katika Afrika ya Mashariki

Mengi yameandikwa juu ya vita walivyopigana askari wa Afrika ya Mashariki, na machache juu ya ujira waliopewa. Hata hivyo kijana aliyekwenda kuandikwa uaskari hakuuliza kwanza juu ya vita. Aliuliza juu ya malipo. Katika Kiswahili malipo hayo yana majina mawili, wala majina hayo si mamoja. Mshahara ni neno lenye asili ya Kiarabu, limetokana na shahr, yaani mwezi. Ndiyo fedha inayohesabiwa kwa mwezi. Posho ni kitu cha siku. Kamusi za zamani zimelieleza neno hili kwa maana ya chakula kinachogawiwa watu walio safarini au kazini. Mshahara huweza kungojwa, posho haingojeki. Atakaye kujua askari mpya alianza kazi kwa malipo gani asitazame mshahara peke yake, kwa kuwa mara nyingi mapatano ya kweli yalikuwa katika posho. Nayo posho ilipokatika, utii nao ulilegea.

Neno askari lenyewe lahitaji maelezo kidogo. Katika karne ya 19 lilikuwa jina la kila mtu aliyechukua silaha kwa malipo: mlinzi wa msafara, mtumishi wa Sultani, mlinda lango. Mgawanyiko baina ya askari wa vita na askari polisi ulikuja baadaye, pamoja na serikali za kikoloni, na hata hapo watu wale wale walihama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa sababu hiyo historia ya ujira wa polisi haiwezi kuanzia kwenye vituo vya polisi. Inaanzia kwenye misafara.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akiandaa safari yake ya kumtafuta Livingstone. Aliwaandika askari wa kumlinda, na masharti yao yamehifadhiwa katika kitabu chake. Mkubwa wao, Sidi Mubarak Bombay, ambaye alikwisha kusafiri bara pamoja na Burton na Speke, aliahidiwa reale 80 kwa mwaka, na nusu yake alipewa mbele, pamoja na bunduki, bastola, kisu na shoka. Askari wa kawaida walipatana naye kwa reale 36 kwa mwaka, yaani reale 3 kwa mwezi, na kila mmoja akapewa bunduki, baruti, risasi, kisu na shoka. Sehemu kubwa ya desturi za baadaye imo katika mapatano hayo: kima cha mwezi, malipo ya mbele kwa mkubwa, na vifaa vinavyotolewa na mwajiri. Kilichokuwa hakihesabiwi katika reale ni chakula.

Chakula kilipimwa kwa kibaba. Desturi ya misafara ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku, karibu ratili moja na nusu. Vibaba vinne ni pishi moja. Basi mtu mmoja alikula pishi 7 na nusu kwa mwezi wa siku 30, na msafara wa watu 100 ulihitaji pishi 750. Nafaka nyingi namna hiyo haikuweza kuchukuliwa vichwani kutoka pwani. Kwa hiyo posho iligeuzwa nguo: mtu alipewa kipande cha nguo, akaenda kujinunulia mtama kijijini. Hapo ndipo shaka ilipoingia. Kibaba ni kibaba popote, lakini thamani ya nguo hutegemea soko. Katika mwaka wa njaa kipande kile kile kilichokuwa kikinunua chakula cha siku kadhaa hakikutosha hata siku moja, na mwenye msafara alidai kwamba amekwisha kutoa posho. Kutokana na mambo haya, ugomvi wa posho ukawa sababu ya kawaida ya watu kutoroka msafarani.

Ubaya wa desturi hii ulionekana wazi Uganda. Katika mwaka wa 1891 Lugard, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, aliwachukua huko Kavalli askari wa Kisudani waliosalia katika jeshi la Emin Pasha, pamoja na wake zao, watoto na wafuasi wao. Baada ya Uganda kuwa nchi ya himaya mwaka wa 1894, askari hao ndio waliokuwa nguzo ya serikali mpya. Mshahara wao ulikuwa rupia 4 kwa mwezi, huku mpagazi wa pwani akipata zaidi ya maradufu ya hizo. Tena rupia hizo hazikuwa fedha. Zililipwa kwa nguo, na nguo zilichelewa kwa miezi mingi. Sababu ya kuchelewa si ngumu kufahamika. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1896, nayo haikufika ziwani mpaka mwaka wa 1901. Katika muda huo kila robota la nguo lilisafiri kichwani mwa mtu mpaka Uganda. Serikali iliyotaka kupunguza gharama iliona ni rahisi kumkawiza askari kuliko kuongeza wapagazi. Udogo wa rupia 4 waonekana vizuri ukilinganishwa na kodi: Mapatano ya Buganda ya mwaka wa 1900 yaliweka kodi ya nyumba kuwa rupia 3 kwa mwaka.

Katika Septemba 1897 baadhi ya askari hao waliamriwa kufuatana na Macdonald katika safari nyingine ndefu ya kaskazini, na kuwaacha nyuma wengi wa jamaa zao. Walikuwa wamechoka kwa safari zilizotangulia, na mshahara wao ulikuwa haujalipwa. Wakaasi karibu na Eldama Ravine, wakarudi upande wa ziwa, wakaishika ngome ya Luba huko Busoga. Maafisa watatu Waingereza waliokuwa mateka ndani ya ngome hiyo waliuawa, na vita viliendelea mpaka mwaka wa 1898. Katika mashtaka ya waasi, mshahara mdogo na wa kuchelewa ulikuwa mbele. Baada ya vita mishahara iliongezwa. Yaani fedha iliyosemekana kuwa haipo ilipatikana baada ya watu wengi kufa, na gharama ya kuleta majeshi kutoka Bara Hindi ilikuwa kubwa kuliko nguo zote zilizocheleweshwa.

Upande wa kusini Wajerumani walianza kwa njia nyingine. Mwaka wa 1889 Hermann von Wissmann, alipotumwa kumpiga Abushiri, aliandika Wasudani huko Misri na watu wengine kutoka Msumbiji, akawaongeza na watu wa pwani. Jeshi lake likawa Jeshi la Ulinzi la serikali mwaka wa 1891. Mishahara haikuwa sawa: Msudani alilipwa zaidi ya kuruta wa pwani au wa bara, hata kama kazi yao ilikuwa moja. Lakini malipo yalikuwa ya fedha. Rupia za Kampuni ya Kijerumani zilianza kupigwa mwaka wa 1890, kila rupia pesa 64. Mwaka wa 1904 serikali ikazichukua na kuzigawa kwa heller 100. Askari aliyepokea rupia mkononi alijinunulia chakula chake sokoni, na mkewe akampikia. Ndiyo maana vijiji vya askari vilikua kando ya kila boma. Mwanamke wa askari hakuandikwa katika daftari la mshahara, lakini pasipo kazi yake mshahara huo usingetosha.

Vita vya 1914 vilipoanza, Jeshi la Ulinzi lilikuwa na askari Waafrika 2,540 na jeshi la polisi lilikuwa na 2,154, kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck. Polisi wengi waliingizwa vitani. Katika miaka ya mwisho fedha ilikwisha, na askari walipigana kwa posho tu. Mshahara ukawa deni. Walipoweka silaha chini huko Abercorn mnamo 25 Novemba 1918 deni hilo lilikuwa halijalipwa. Serikali ya Ujerumani ililipa mishahara iliyosalia katika miaka ya 1920, na mwaka wa 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwapa malipo askari wazee waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wengi hawakuwa na cheti chochote, basi wakaamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki kwa kutumia fagio. Iwapo habari hiyo ni kweli, amri za kigeni walizofundishwa wakiwa makuruta ndizo zilizokuwa hati yao ya mshahara.

Polisi ya Tanganyika chini ya Waingereza iliundwa mwaka wa 1919, na makao yake ya kwanza yalikuwa Lushoto. Rupia zilitoweka, na shilingi ikashika mahali pake kuanzia mwaka wa 1922. Lakini mpango wa malipo ulibaki na sura mbili za zamani. Kuruta alipewa sare, chumba katika kota, na chakula. Mshahara ulikuwa juu ya hayo. Kwa mwajiri mpango huo ulikuwa na faida ambayo haikusemwa: maadamu nyumba na chakula vimetolewa, mshahara waweza kuwa mdogo. Kwa askari ulikuwa na hatari: siku aachishwapo kazi hupoteza mshahara, chakula na paa kwa pamoja.

Hatari hiyo ilidhihirika Unguja. Polisi wengi wa huko walikuwa wameandikwa kutoka Tanganyika, Kenya na Nyasa. Baada ya uhuru wa Desemba 1963 serikali mpya iliwaachisha kazi baadhi ya watu hao wa bara, na miongoni mwa malalamiko yao lilikuwamo hili, kwamba hawakupewa nauli ya kuwarudisha kwao. Nauli ni sehemu ndogo ya gharama za jeshi la polisi. Lakini watu waliojua silaha zinawekwa wapi walibaki mjini bila ya kazi, na usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 baadhi yao walikuwamo katika kundi lililoshambulia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni. Mapinduzi yale yalikuwa na sababu nyingi kubwa kuliko nauli. Hata hivyo haifai kuisahau. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito wakidai nyongeza ya mshahara na maafisa Waafrika. Uganda nako askari wa Jinja walidai nyongeza hiyo hiyo, na serikali ikakubali kupandisha mshahara wa askari wa cheo cha chini kutoka shilingi 105 hadi 265 kwa mwezi. Mkono mtupu haulambwi, wasemavyo Waswahili. Na mkono huo ukishika bunduki, jambo huwa zito zaidi.

Msomaji wa lugha atapenda kujua neno posho limeishia wapi. Limegawanyika kwa nchi. Nchini Uganda posho ni chakula chenyewe, yaani ugali wa mahindi, kwa kuwa unga wa mahindi ndio uliogawiwa askari, wafanya kazi na watoto wa shule. Nchini Kenya limeshikamana na mashine ya kusagia: kinu cha posho kinajulikana katika kila soko la kijijini. Nchini Tanzania chakula kimetoka na fedha imebaki: kuna posho ya safari, posho ya kikao, na kwa askari polisi posho ya chakula inayolipwa kwa shilingi. Mwaka wa 2011, katika mjadala wa posho za vikao vya wabunge, hapana aliyefikiri kibaba cha mtama. Wote walifahamu kwamba yazungumzwa fedha inayoongezwa juu ya mshahara. Neno lililokuwa la mtu wa chini kabisa msafarani limepanda mpaka Bungeni.

Mabadiliko haya ya maana yana mafunzo kwa wenye kutunga kamusi na kwa wenye kuandika historia. Kamusi inayoandika tu kwamba posho ni chakula au fedha ya chakula imesema kweli, lakini haijasema ni lini kimoja kiligeuka kingine, wala ni nani aliyepata hasara katika kugeuka huko. Historia inayotaja rupia 4 au shilingi 105 bila ya kutaja nguo zilizochelewa, kota, nauli na mke apikaye, imehesabu nusu ya ujira. Kenya ilipoanza mwaka wa 2018 kuwapa polisi posho ya nyumba ili wakae miongoni mwa raia badala ya kambini, iligusa jambo lile lile la zamani: lipi mwajiri atoe kwa kitu, na lipi atoe kwa fedha. Kuruta wa leo akionyeshwa kima cha mshahara wake wa kwanza, huuliza mara moja juu ya marupurupu. Swali hilo si la tamaa. Wenzake wa mwaka wa 1871 walikwisha kujua kwamba reale 3 ni za mwisho wa mwezi, na kibaba ni cha leo.