UZI: Mshauri wa walimu alivyogeuka mkaguzi

1/ Kila msimu wa kampeni, mjadala wa elimu huku Kericho na Bomet huishia pale pale. Huyu: "Walimu wanalipwa, wafanye kazi." Yule: "Walimu wamechoka." Hebu leo tuangalie historia kidogo.

2/ Mama yangu alifundisha shule ya msingi iliyozungukwa na mashamba ya chai, enzi Bomet bado iko chini ya Wilaya ya Kericho (ziligawanywa 1992). Darasa likimlemea, alikuwa na pa kwenda: TAC, kituo cha ushauri kwa walimu. Vituo hivi vilianza miaka ya 1970, na mshauri wa pale alikuwa mwalimu mwenzake.

3/ Mshauri alikuwa anakuja na pikipiki, matope hadi magotini. Anakaa nyuma ya darasa, kisha wanaketi na kikombe cha chai. "Mwalimu, umekwama wapi?" Mama anasema ukweli: "Kueleza sehemu na desimali kumenishinda." Wiki inayofuata wanafundisha somo hilo pamoja. Basi.

4/ Mwaka 2001 mpango wa SbTD uliendeleza njia hiyo: walimu watatu kila shule ya msingi ya umma, wa Kiingereza, Hisabati na Sayansi, wanajisomea huku wakifundisha na kukutana na wenzao kituoni.

5/ Januari 2003, elimu ya msingi ikawa bila malipo. Wanafunzi wakapanda kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7, na serikali ilikuwa imesitisha kuongeza walimu tangu 1998. Madarasa yalifurika. Mama husema bila yule mshauri angerudi nyumbani kuchuma chai.

6/ Sasa angalia kilichofuata. Washauri wakawa maafisa wa TSC wa kusaidia mtaala. Mwaka 2016 ikaja TPAD, tathmini ya utendakazi. Yule aliyekuja kusaidia sasa anakuja pia kukagua. Septemba 2021 ikazinduliwa TPD: mafunzo ya lazima, mwalimu ajilipie Sh6,000 kwa mwaka. Vyama vya walimu vikapinga.

7/ Wazazi msinirukie. Mna haki ya kujua kama mwalimu yuko darasani na anafundisha. Tathmini ina kazi yake, sikatai. Lakini ni nani kati yetu humwambia anayempa alama kwamba kazi imemshinda? Mwalimu atanyamaza, ajaze fomu, na mtoto wako aendelee kutoelewa desimali.

8/ Kwa hivyo mgombea akija kuwahutubia pale kituo cha majani, msimuulize tu kuhusu bonasi. Muulizeni mambo mawili: mafunzo ya walimu yatalipwa na nani? Na mwalimu akikwama, ataenda kwa nani bila kuogopa faili lake?

9/ Kama ulifundisha enzi za TAC, tuambie hapa chini ilikuwaje kwenu.