Laptopu ya gaming katika Kalemie: dola ngapi zinatosha, na uangalie nini mbele ya kulipa

Vijana wengi wa Kalemie, kuanzia Kataki mpaka Regeza, wanauliza swali moja: mtu atoe feza ngapi kwa laptopu ya kuchezea michezo ya video? Kwa mtu anayeishi hapa, mashini ya kati ya dola 500 na 800 inatosha kwa michezo karibu yote inayopendwa. Chini ya hapo, mara nyingi utanunua ordinatere ya ofisi iliyobandikwa jina la gaming. Juu ya hapo, utalipia nguvu ambayo umeme na intaneti ya mji hazitakuacha uitumie.

Lakini bei ya duka ni sehemu moja tu ya hesabu. Familia nyingi zinatoa feza hiyo mara moja, pengine karibu na kipindi cha kulipa minervali ya watoto, na mashini ikikufa kisha miezi 3 hakuna wa kumrudia. Basi afazali kupiga hesabu yote mbele.

Gaming ni nini hasa?

Ordinatere yoyote inaweza kufungua mchezo fulani. Kinachotofautisha mashini ya gaming ni karte grafiki yake yenyewe, ni kusema kifaa kinachotengeneza picha, chenye memoria yake pembeni ya RAM ya kawaida. Laptopu za ofisi hazina kifaa hicho. Zinatumia karte ndogo iliyo ndani ya prosesa, inayoitwa mara nyingi Intel HD au Intel UHD.

Hapo ndipo watu wengi wanadanganyika. Muuzaji atakuambia: «Papa, hii ni Core i7, iko na RAM 16, ni gaming kabisa.» Core i7 ni jina la prosesa. Laptopu inaweza kuwa na Core i7 na RAM 16 na ikashindwa mchezo wa mpira wa miaka ya karibuni kwa sababu haina karte grafiki.

Kuhakikisha ni dakika moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Katika dirisha linalofunguka (kwa Kifaransa linaitwa Gestionnaire des tâches), ingia Performances, angalia penye kuandikwa GPU. Ukiona NVIDIA GeForce GTX au RTX, ama AMD Radeon RX, kuna karte ya kweli. Ukiona Intel UHD peke yake, hiyo si gaming, hata kama klavie inawaka rangi nyekundu na ya bluu.

Anza na mchezo, kisha ndiyo bei

Kosa kubwa ni kwenda dukani na feza mfukoni bila kujua mchezo gani unataka. Kila mchezo una kiwango chake, na watengenezaji wanakitangaza:

- GTA San Andreas, iliyotoka kwa ordinatere mwaka 2005, iliomba RAM ya mega 256 tu. Karibu laptopu yoyote ya leo inaicheza.
- GTA V, iliyofika kwa ordinatere mwaka 2015, iliomba RAM ya GB 4 kwa uchache na GB 8 ili iende vizuri, pamoja na nafasi ya GB 72 kwenye disiki.
- EA Sports FC 24, ya mwaka 2023, inaomba RAM ya GB 8 kwa uchache, karte ya kiwango cha GTX 1050 Ti yenye memoria ya GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye disiki.

Mtu anayetaka San Andreas na PES za zamani hana sababu ya kutoa dola 700. Anayetaka FC au GTA V asijidanganye na laptopu ya dola 250.

Angalia pia nafasi ya disiki. SSD ya GB 256 ikibeba Windows na mchezo mmoja wa GB 100, sehemu yake kubwa imejaa. SSD ya GB 512 ndiyo kipimo cha kufaa.

Na mchezo utaingia kwa njia gani? Ukitelesharji GB 50 kwa koneksio inayoenda mega 1 kila sekunde bila kukatika, itachukua karibu masaa 14. Kwa forfe za simu, hiyo ni feza nyingine. Uliza bei ya GB 50 kwa mtandao wako, uiongeze kwenye hesabu. Kisha ujue kwamba michezo ya leo inaomba masasisho kila mara.

Kila kiwango cha feza kinakupa nini

Chini ya dola 300. Hapa kuna laptopu za ofisi za okazyoni, kama ThinkPad, Latitude au EliteBook. Ni mashini ngumu, zinafaa kwa masomo, kuandika na michezo ya zamani. Zinunue kwa kazi hiyo, usizilipie bei ya gaming.

Dola 300 mpaka 500. Hapa ni gaming ya zamani ya okazyoni, yenye karte kama GTX 1050 au 1050 Ti. Inawezekana kupata kitu kizuri, lakini mashini hizo zimefanya kazi kwenye joto kwa miaka. Nunua tu ukiwa na fundi pembeni.

Dola 500 mpaka 800. Kiwango hiki kinafaa watu wengi. Tafuta GTX 1650 ya GB 4, RTX 2060 ya GB 6, ama RTX 3050. GTX 1650 ilitoka kwa laptopu mwaka 2019 na inatosha kwa FC na GTA V. RAM iwe 16, na kama ni 8, hakikisha kuna nafasi ya kuongeza.

Juu ya dola 800. Hapa utakutana na RTX 4050, iliyotoka mwaka 2023, na zaidi yake. Ni mashini nzuri, na mtu anayefanya montaji ya video kama kazi anaweza kuirudisha feza yake. Kwa kucheza tu, tofauti utakayoiona ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Umeme: sehemu ya bei ambayo duka haikuambii

Umeme wa SNEL wa Kalemie unatoka kituo cha Bendera, kwenye mto Kiymbi, upande wa kaskazini ya mji. Kila mkaaji anajua delestaji, na anajua vile umeme unavyoweza kurudi kwa nguvu na kuunguza vifaa.

Laptopu ya ofisi inatumia chaja ya wati 45 ao 65. Ya gaming inaomba wati 135, 150, hata 230. Namba iko nyuma ya chaja. Kama wati hazikuandikwa, zidisha volti kwa ampere: volti 20 mara ampere 3,25 ni wati 65, volti 19,5 mara ampere 7,7 ni wati 150.

Kwa batri yake yenyewe, laptopu ya gaming haichezi muda mrefu. Batri nyingi ni za Wh 50 mpaka 60; mchezo ukikula wati 60, saa moja haifiki. Tena bila chaja, mashini inapunguza nguvu ya karte ili kulinda batri, na mchezo unaanza kukwama.

Mwenye sola apige hesabu hii. Batri ya volti 12, ampere 100, inabeba Wh 1.200. Kama ni ya risasi, haifai kuimaliza zaidi ya nusu: zinabaki 600. Konvertisere inapoteza nyingine, zinabaki karibu 500. Laptopu inayokula wati 150 itacheza masaa 3 na kidogo, na usiku huo hakuna taa wala televisheni. Pano moja ya wati 100 haitoshi kuijaza batri tena kwa siku moja, zaidi sana wakati wa mvua, tangu mwezi wa 10 mpaka wa 4.

Mwenye kigrupu ahesabu esanse ya kila saa. Tena umeme wa vigrupu vidogo unapanda na kushuka. Bila stabilizatere nzuri, chaja ndiyo inaungua ya kwanza, na chaja ya wati 150 ya mashini fulani haipatikani kila duka.

Kwa hiyo shika kanuni moja: robo ya feza yako yote isiingie kwenye mashini. Mwenye dola 700 atafute laptopu ya dola 525. Dola 175 zinazobaki ni za stabilizatere, kipozesho cha kuweka chini ya laptopu, manete, mega za kutelesharji, na akiba ya chaja.

Ukinunua okazyoni, pima hivi

Usilipe kwa kuangalia tu. Omba saa moja na mashini, mbele ya muuzaji.

Kwanza, mwaka wa prosesa. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaomba prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na zaidi. Soma namba: i5-7300HQ ni kizazi cha 7, i5-8300H ni cha 8, i5-10300H ni cha 10. Kizazi cha 7 ni sababu ya kushusha bei sana ao kuacha.

Pili, joto. Fungua mchezo, ucheze dakika 30 chaja ikiwa ndani. Mashini ikizimika yenyewe, ikipiga mistari kwenye ekrani, ao picha ikianza kukwama kisha dakika 10, achana nayo. Kelele ya feni si ugonjwa, lakini feni isiyozunguka ni ugonjwa.

Tatu, batri. Andika cmd katika sehemu ya kutafuta, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport. Ordinatere itatengeneza ripoti inayoonyesha batri ilibeba kiasi gani ikiwa mpya na inabeba kiasi gani leo. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, hesabu bei ya batri mpya.

Nne, kufuli. Zima, washa tena, ingia BIOS. Ikiomba namba ya siri na muuzaji haijui, inawezekana mashini ni ya kampuni fulani ao iliibiwa. Usiinunue, hata kwa bei ya chini.

Tano, chaja. Iwe ya wati zile mashini inaomba. Laptopu ya wati 150 iliyopewa chaja ya 65 itawaka, lakini kwenye mchezo itazimika ao itatambaa.

Kuagiza mbali: Lubumbashi, Kigoma ao Dubai

Wengine wanaagiza Lubumbashi, wengine wanapitishia Kigoma kwa boti. Bei ya kule inaweza kuonekana ya chini. Uliza kama ndani yake kuna usafiri na feza ya duane (DGDA), na nani atalipa ikifika imevunjika. Kwenye ziwa, mashini iingie ndani ya karatasi ya plastiki isiyopitisha maji, kwa mkono wa mtu unayemjua. Lipa sehemu, umalizie ukisha kuipima.

Popote unaponunua, omba fakitire yenye jina la duka, namba ya seri ya mashini na siku za garanti. Garanti ya kuambiwa tu kwa mdomo haina maana fundi akisha kufungua vis. Na noti zako za dola ziwe safi: iliyopasuka ao iliyoandikwa itakataliwa, bei uliyopatana nayo ianze tena.

Je, kweli unahitaji laptopu?

Anayetaka kucheza mpira na marafiki nyumbani anaweza kutosheka na PS4 ya okazyoni kwenye televisheni iliyoko tayari. Haiombi masasisho ya Windows, na kwa sali ndogo ya michezo ndiyo inayorudisha feza haraka, kwa sababu watu 2 wanacheza na kulipa pamoja kwenye mashini moja.

Laptopu ina faida mahali ambapo itafanya kazi mbili: mwanafunzi anayeandika kazi ya mwisho mchana na kucheza jioni, mpiga picha wa harusi anayefanya montaji, fundi anayechora mipango ya nyumba. Karte grafiki ile ile inasaidia kazi hizo. Mzazi anayeombwa dola 700 ana haki ya kuuliza: kando ya mchezo, hii mashini itatuletea nini? Kama jibu halipo, dola 250 kwa ordinatere ya masomo zinatosha, na zinazobaki zikae kwa minervali.